Kwa Nini Mlonge Husimama Nyuma ya Jiko

Hapo kale, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, mlonge ulikuwa mti wa porini. Hakuna aliyeupanda. Haukufaa kujengea, kuni zake ziliwaka upesi zikaisha, na watu waliupita kama wanavyopita kichuguu.

Zama hizo watu wa Kwamsanja walichota maji kwenye lambo moja. Ng'ombe walikunywa humo humo, na mvua ikinyesha maji yaligeuka mekundu kama udongo wa kufinyangia vyungu. Watu waliyanywa hivyo hivyo. Watoto waliharisha, wengine wakazikwa, na ikasemwa kuwa ndivyo dunia ilivyo.

Mandia, mke wa Semboja, alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Wa pili, binti aitwaye Kiluwa, alipoanza kutambaa, hofu ilimrudia mama yake, naye akawa mtu wa kuyatazama maji.

Siku moja, akitafuta kuni, alikuta mwamba wenye mashimo yaliyojaa maji yaliyotiririka kutoka njiani. Shimo moja lilikuwa jekundu. La jirani yake, chini ya mlonge, lilikuwa na maji maangavu hata mchanga wa chini ulionekana. Mandia akasahau kuni. Mvua ilikuwa moja na mwamba mmoja. Kilichotofautiana ni ule mti tu.

Alichuma majani, akayaponda ndani ya chungu cha maji ya lambo. Maji yakawa na rangi mbaya zaidi. Akajaribu magome; hayakuleta kitu. Akatia mbegu nzima. Zikaelea tu na vijibawa vyake. Akarudi mwambani, akachutama, akachungulia tena. Ndipo alipoona nyayo za mbuzi, na mbegu zilizokanyagwa zikasagika. Nyumbani akamenya mbegu, akatwanga kiini cheupe kikawa unga, akautia majini na kukoroga taratibu. Udongo ulianza kushikana vipande vipande kama maziwa yanayoganda, kisha ukazama.

Lakini watu walimwona. Habari za mwanamke anayetia unga kwenye maji zikafika kwa zumbe, mtawala wa nchi ile, na enzi zile jambo kama hilo lilitosha kumfukuzisha mtu kijijini. Zumbe akamwita mbele ya watu, akamwuliza ni dawa gani ile, na alikusudia kumwua nani.

"Sikukusudia kumwua mtu, Zumbe," Mandia akajibu. "Yanayotuua ni maji tunayokunywa kila siku. Nilitaka kujua kwa nini maji ya chini ya mlonge yametakata."

Akateka kata moja kutoka kwenye chungu alichokuja nacho, akanywa. Kisha mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi pembeni, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi," akasema. "Yule tuliyemzika alikuwa mjukuu wangu."

Siku zikapita, hakuna hata mmoja wao aliyeugua, na Zumbe akafurahi kupita kiasi. Akaamuru mbegu za pori zima zikusanywe, zitwangwe, zimwagwe lamboni. Lambo likatakata kwa muda, halafu ng'ombe wakaingia, tope likapanda, na unga ule mwingi ukaoza hata maji yakanuka. Watu wakaanza kumnung'unikia Mandia. Yeye akaenda ukingoni, akayanusa yale maji, akafikiri. Akawaeleza kuwa unga unataka maji machache yaliyotulia, mbali na mifugo; yachujwe kwa kitambaa, yachemshwe, na yatumike kabla hayajaharibika.

"Siwezi kuwasafishia lambo," akasema. "Lakini kila mmoja wetu anaweza kusafisha maji ya chungu chake."

Basi wanawake wakaenda porini kuchukua miche, kila mmoja akaupanda wake pale ambapo akitoka jikoni mkono unaufikia. Vilio vya misiba ya watoto vikapungua. Kiluwa naye akakua, akaolewa mbali, akaondoka na mbegu kwenye upindo wa nguo yake.

Na tangu siku hiyo mlonge ukaacha kuwa mti wa porini tu. Ukipita vijijini kwetu utauona nyuma ya jiko, mwembamba, matawi yamekatwakatwa, maganda yananing'inia. Nanyi mkiwaona mama zenu asubuhi wametwanga mbegu, wamekoroga maji, kisha wamekaa kando bila kugusa kitu, msiwaharakishe. Wanasubiri udongo uzame.