Kwa Nini Fizi Hutoa Damu

Zamani fizi za binadamu hazikutoa damu. Ungeweza kuzisugua kwa gunzi la mahindi na usione hata tone. Nawasimulia haya nikiwa na hasira, wajukuu zangu, na sababu ya hasira hiyo mtaijua nikimaliza. Kaeni.

Siku hizo viungo vya mwili vilisemezana, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Ufizi alikuwa bawabu. Nyuma yake ilipita mishipa ya damu iendayo kwa Moyo, na mbele yake, kwenye mianya ya meno, waliishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Waliruhusiwa kula makombo kwa sharti moja tu, wasivuke lango. Wenzao waliishi tumboni, na hao walikuwa wakazi wema kabisa, mradi wapewe mboga za majani na kunde.

Sasa huko mlimani alikuwepo mtu aitwaye Senkondo, mpenda nyama. Mboga alimsukumia mkewe, Nakiete, na akishashiba alilala na nyama kwenye meno. Nakiete alimchongea mswaki, akamwambia, "Baba Mbazi, sugua kinywa kabla hujalala."

"Mswaki ni wa watoto," Senkondo alisema, akakitupa kile kijiti motoni.

Vijidudu wa mdomoni wakanenepa, wakazaana, wakamsukuma Ufizi mpaka lango likaachia. Ufizi aliwaona wakipita makundi kwa makundi. Alitaka kupiga kelele, lakini jirani yake, Ulimi, akamwambia, "Nyamaza bwana. Ukilia tutanyimwa nyama." Naye akanyamaza. Bawabu mzima, mwenye kazi moja tu duniani, akanyamaza.

Tumboni nako wale wema walikuwa na njaa ya mboga. Wakaigeukia nyama, na kutokana nayo wakapika kitu kichungu kilichoingia kwenye damu na kukwaruza kuta za mishipa. Wale wa mdomoni walipofika waliikuta mikwaruzo hiyo, wakajichimbia humo. Shahamu, yale mafuta ya nyama, aliyekuwa akipita zake kwenye damu, akanasa hapohapo, tope juu ya tope, hadi mshipa unaomlisha Moyo mwenyewe ukabaki na upenyo mdogo sana.

Moyo akaitisha baraza. Ulimi, fundi wa maneno, alisimama akamshtaki Shahamu peke yake.

"Mimi nilinasa tu," Shahamu alisema. "Nani alikwaruza ukuta? Na lango, nani aliliacha wazi?"

Hata hivyo Shahamu akahukumiwa, baraza likavunjika, na Ufizi aliyejua yote akarudi langoni pake. Mpaka leo nikilifikiria baraza lile nashikwa na ghadhabu, maana shahidi alikuwepo na hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakufungua mdomo.

Wakati wa mavuno, Senkondo alikuwa akipandisha mlima na mzigo wa maharage. Akashika kifua, akaanguka. Nakiete alimkimbilia, akakilaza kichwa chake mapajani, akamwita na kumwita. Kule ndani Moyo alimwambia Ufizi neno moja: "Ulijua." Kisha akasimama, asipige tena. Ufizi akalia, na kilichomtoka hakikuwa machozi. Nakiete alipomfuta mumewe mdomo, upindo wa kanga yake ukawa mwekundu.

Na tangu siku hiyo Ufizi hanyamazi. Vijidudu wakianza kulisukuma lango, yeye hutoa damu, ili mwenye mwili aone mapema na afanye jambo. Nasi tunafanya nini? Tunatema, tunasuuza, tunaondoka. Ndugu yake Senkondo alikuwa wa kwanza kuonywa. Aliuona wekundu, akasema mswaki ni mgumu, akautupa. Babu yenu naye alitema damu miaka saba. Kila nilipomsemesha alinijibu kwamba mswaki ni mgumu, na alipouacha kabisa akafurahi kwamba damu imepungua, kumbe ni Ufizi tu hakuguswa tena. Kaburi lake mnalijua lilipo.

Leo asubuhi nimekuta wekundu kwenye beseni la kunawia, umemwagiwa maji nusunusu ili nisiuone. Na huko migombani nimekuta mswaki umetupwa. Nimeuokota, nimeuosha, huu hapa mkononi mwangu. Mwenyewe aje auchukue.