Pingili ya Mwanzi ya Semidah

Mama mmoja wa Kirejang alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo akaolewa mbali. Mama aliitwa Semidah, binti Nurbaiti. Kwao ni kule milimani Sumatra, ambako watu wa zamani hawakuandika kwa kalamu. Walichonga maneno kwa ncha ya kisu juu ya mwanzi, kisha wakapaka masizi ili herufi zionekane. Semidah alizijua herufi hizo. Nurbaiti alipelekwa shule akafundishwa nyingine, na lugha nyingine, na hakuna aliyeona ubaya.

Basi, mwaka ule wa kwanza wa ndoa, Semidah akakata pingili ya mwanzi, akachonga, akampa mchuuzi wa kahawa aishushe pwani kwa mwanawe. Nurbaiti akaigeuzageuza. Mama mkwe akacheka, akasema watu wa milimani hata salamu zao zinanuka moshi. Lakini Nurbaiti alikumbuka kwamba kwao waganga huchonga kinga juu ya mianzi, akasadiki mama amemtumia kinga. Akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaitundika juu ya mlango, na kila Alhamisi akaifukizia ubani. Aliiheshimu mno, jamani. Watoto wake hawakuruhusiwa hata kuigusa.

Huku juu, Semidah alikuwa akimuuliza kila mchuuzi anayepanda: hukupewa mwanzi wangu? Wakamzoea, wakamtania kwamba mwanzi wake umeota mizizi pwani. Naye hucheka nao, kisha huingia ndani. Aliuliza hivyo mpaka akafa.

Nurbaiti alipokuja matangani alikuja na ile pingili. Hakuwa na picha ya mama, wala sauti yake popote, akatamani walau kusikia neno moja lililotoka kwake. Akaambiwa amebaki mmoja tu anayezijua herufi, Bibi Jenab, shoga wa mama yake, naye macho yamekwisha kuzima. Bibi Jenab akaipokea pingili. Akapitisha vidole kwenye mikato ya kisu, polepole, huku akiimba kwa Kirejang. Ilibidi arudie, maana Nurbaiti lugha ilikuwa imemtoka kinywani, na masikioni ilibaki kidogo tu. Wimbo wenyewe ulisema: mto umeshuka, umekufikia bondeni, mimi niliyebaki kwenye chemchemi, nani ataniletea maji?

Vidole vikaendelea, vikafika mahali palipo laini, vikasimama. Nurbaiti akauliza kama hapo maandishi yamefutika.

"Hayajafutika, mwanangu," Bibi Jenab akasema. "Sisi tukimwimbia mtu kwenye mwanzi, tunamwachia nafasi ajibu. Hapo ni pako."

Nurbaiti akaiweka pingili mapajani. Kisha akaomba kisu. Bibi akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akamwongoza kwenye herufi ya kwanza, nayo ikapinda. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani, tele. Wa kuyapokea ndiye hayupo.

Sasa nawauliza ninyi, wanangu, ambao mama zenu wangali hai: mtawajibu lini, na kwa lugha ya nani?