Ndaga ya Nani?

Hapo zamani, tena si zamani ya kutisha, maana bodaboda zilishajaa Tukuyu na mvua ilikuwa ileile isiyokatika, aliishi kijana mmoja akiitwa Ambakisye. Ambakisye alipenda vitu viwili: mkewe Tusekile na pikipiki yake nyekundu. Kipi kilitangulia, tusimuulize.

Kila mwaka Ambakisye alikata bima. Bima ya nini? Ya trafiki! Mradi stika iwepo, askari aione, aseme pita. Ilikuwa bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga, wewe mwenyewe shauri yako. Na kwenye karatasi chombo kiliandikwa cha matumizi binafsi, wakati mwenyewe anapakia abiria tangu kuche mpaka kuchwe. Hakuwahi kuisoma. Nyie mmezisoma zenu?

Basi mwaka huo bima ikakaribia kuisha. Kijiweni akasema, "Kesho nakwenda kukata stika ya trafiki."

Alikuwepo bodaboda mwenzake, Gwamaka, ambaye siku hizo aliendesha pikipiki ya tajiri. Yake aliwaambia wote kwamba ameiuza akanunua kiwanja. Gwamaka akajikuna shingo, akasema mbele ya kijiwe kizima, "Jamani, mimi sikuuza pikipiki. Niliibiwa. Nikaenda bima na stika yangu mkononi, wakaniambia hii bima ndogo, mambo ya wizi hayamo. Niliona aibu, nikawadanganya. Ambakisye, kakate bima kubwa, inayolipa mpaka chombo chako."

Loo! Kijiwe kikaangua kicheko. "Kumbe kiwanja kiko mawinguni!" Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Kiwanja, hata watoto wa shule. Ambakisye hakucheka. Aliitazama pikipiki yake.

Akarudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Mama Lusajo, bima kubwa ni ghali. Hela sina."

Tusekile alikuwa nayo, ameitunza ya sare ya harusi ya mdogo wake. Harusi za kwetu mnazijua: kitenge kimoja, mshono mmoja, dada wote wanaingia ukumbini wakicheza. Akaitoa. "Chukua, Baba Lusajo. Mimi nitavaa gauni langu la Pasaka."

Siku ya harusi dada zake wote walikuwa kijani, yeye peke yake zambarau. Mpiga picha akamwambia, "Mama, samahani, sogea kidogo, tupige watu wa sare." Akasogea. Ilimuuma, nisiwafiche.

Ambakisye alikuwa ameshakwenda na ile hela kwa wakala wa bima, dada mmoja akiitwa Subilaga. Foleni ilifika nje.

"Dada, niandikie kama ya mwaka jana, ila iwe kubwa. Fanya chapchap."

Subilaga akaisoma ile karatasi ya zamani. "Kaka, unapakia abiria?"

"Kwani bodaboda anapakia nini?"

"Humu umeandikwa matumizi binafsi. Ukianguka na abiria, hata bima iwe kubwa kama mlima Rungwe, hulipwi. Tubadilishe iwe ya biashara, na abiria naye aingie."

"Ah! Unanichelewesha. Wakala wa jirani haulizi maswali."

"Nenda kwake. Mimi uongo sikuandikii."

Foleni ikanuna. Wateja wengine wakaondoka. Bosi wake akatoka ndani, akamfokea mbele za watu kwamba anafukuza wateja. Subilaga akaendelea kuandika: chombo cha biashara, na abiria yumo. Ambakisye, kwa hasira zake zote, akakaa akasubiri.

Masika ikaingia. Siku moja Ambakisye alimpakia Mama Anyelwisye, muuza ndizi. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu, utelezi! Pikipiki ikawamwaga kwenye mashamba ya chai, yenyewe ikaporomoka mpaka korongoni, ikawa vyuma chakavu. Ambakisye alipona bila hata mchubuko. Mama Anyelwisye alivunjika mkono.

Bima ikalipa. Mama akatibiwa mpaka mkono ukaunga, na leo anabeba mkungu wa ndizi kunishinda mimi. Ambakisye akapata pikipiki mpya, nyekundu vilevile. Alicheka peke yake barabarani kama mtu aliyechanganyikiwa.

Akaipeleka kwa fundi wa kuandika maneno ya nyuma, kwenye madigadi. "Andika NDAGA," akasema, ndiyo asante kwa Kinyakyusa, "halafu weka jina la aliyeniokoa." Fundi akaandika NDAGA, akachovya brashi. "Jina?"

Gwamaka, Tusekile na Subilaga walikuwepo, wamekuja kuiona pikipiki, na vijana wa kijiweni nao. Gwamaka akawahi. "Jina si langu? Nilijivua nguo mbele ya watu kwa ajili yako. Mpaka leo naitwa Bwana Kiwanja. Bila mimi ungebaki na nini?"

"Na stika!" kijiwe kikaitikia.

"Wewe ulitoa maneno," akasema Tusekile, "mimi nilitoa sare. Mdogo wangu akifungua picha za harusi yake, mimi simo. Bila mimi angebaki na nini?"

"Na stika!"

Subilaga akacheka. "Habari mlimpa, hela mlimpa, naye akazileta kwangu niandike upuuzi uleule. Nilifokewa kwa ajili yake, na yeye mwenyewe akininunia. Bila mimi angebaki na nini?"

"Na stika! Tena kubwa!"

Ambakisye akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Alikuwa na furaha, na jasho linamtoka. Wote watatu aliwapenda, na hakutaka kumpoteza hata mmoja. "Fundi, andika wote."

"Hii madigadi, bwana, si kadi ya mchango. Linakaa jina moja."

Basi mpaka leo pikipiki ile inapita Tukuyu imeandikwa NDAGA, na pembeni yake peupe. Abiria wanauliza, "Ndaga nani?" Ambakisye anaongeza mwendo. Jioni Tusekile anaiosha, akifika pale peupe anapasugua taratibu, haulizi kitu. Gwamaka akipishana nayo anapiga honi, anageuka kutazama nyuma. Subilaga naye, kila ikipita dukani kwake, anainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Fundi amechoka kusubiri, anasema kesho lazima aandike. Msinitazame mimi, nimeshamaliza kazi yangu. Semeni nyie mliosikia yote: je, ndaga ile ni ya nani?