Buibui Mwenye Nakshi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kweli tupu. Asiyeamini asimame nimwone! Hakuna? Nilijua. Shule niliiacha mapema, lakini kwa hadithi nani ananifikia?

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, dada yangu Mize alisuka mkeka wa arusi yake. Kwetu nakshi ya mkeka ina mwenyewe. Ukisuka ya mtu bila ruhusa, wewe mwizi. Mama mkwe, Bi Time, akaja kuukagua. Akauinamia. Akaugeuza. Akauinamia tena.

"Mwanangu, nakshi hii umeiiba kwa nani?"

"Sikuiba, mama. Nimeiona kwa buibui."

"Buibui! Yule wa kijivu wa darini?"

"Huyu mwekundu, ana mistari ya kijani na vidoti vyeupe. Hatandi utando. Anaruka."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Time hakucheka.

"Mwizi haolewi na mwanangu. Nileteeni huyo buibui kabla ya alasiri, au arusi hakuna."

Mize akalia. Nani atamwokoa? Msitazame huku na huku, mko naye hapa!

Nikachukua kopo, nikaenda kwenye miyaa ya kusukia aliyoianika Mize. Nikamwona. Yarabi, pambo lile! Nikanyemelea, karuka. Nikanyemelea, karuka. Nikanyemelea mara ya tatu, hapo ndipo akajua mimi ni nani.

Nikarudi kifua mbele. "Nimemkamata!"

"Hebu fungua tuone, wewe mwenye maneno," akasema Bi Time.

Nikainama juu ya mkeka, nikafungua. Tup! Buibui katikati ya nakshi. Akainua miguu ya mbele, akacheza. Rangi kwa rangi, kidoti kwa kidoti. Bi Time akamwinamia, pua nusura imguse.

"Lo! Kumbe mwenye nakshi ndiye huyu. Nisamehe, mwanangu."

Mize akashusha pumzi kama aliyetuliwa mtungi kichwani. Vigelegele! Mpaka leo nakshi ile tunaiita Mrukaji.

Hadithi nimeikunja kama mkeka. Mwenye usingizi aikunjue alalie.

Mbona mnanitazama hivyo? Haya, basi. Kuna kipande nimekiacha. Kopo lilikuwa tupu. Ile mara ya tatu alinipotea, nami nilitaka kufungua, nipige kelele "Katoroka!" kisha nikimbilie shambani. Kumbe muda wote alikuwa juu ya kofia yangu. Nilipoinama, akaruka mwenyewe.

Mize alishusha pumzi? Mimi nilikaa chini palepale, nikaikumbatia kofia yangu.