Pindo la Mkeka wa Siwema

Mkeka hufumukia pindoni. Mmeisikia methali hii leo kwa fundi wa paa, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kwanza nawatega: mdogo kuliko kucha, akikataa, wakubwa wote hawaondoki. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mji nimeupokea, na jibu lake limo humuhumu.

Methali hii ilianza hivi.

Kisiwani Mafia alikuwapo Bi. Mwanakheri, mshona mikeka. Binti yake Siwema, aliyelelewa na shangazi yake Dar es Salaam, alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Kwao, bwana harusi hutamka kuikubali ndoa akiwa amekalia mkeka ulioshonwa na mama wa bibi harusi. Bi. Mwanakheri aliushona miezi mitatu. Asubuhi ya safari, Ijumaa yenyewe, pindo lilikuwa bado, limebaki kama shubiri moja. Akazichomeka ncha za miyaa ya kusukia kwa ndani, akaukunja mkeka, akajisemea, "Nani ataona?" Akakimbilia uwanja wa ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu wanane. Abiria wameshapanda, rubani kafunga mkanda, mara fundi Lukindo, aliyekuwa akiizunguka kuikagua, akainua mkono. Skrubu moja ya kifuniko cha injini ilikuwa inacheza, meno yake yameliwa. Mpya ingeletwa na ndege ya barua, saa kumi jioni.

Watu wakateremka wakinung'unika. Bwana Shomari, muuza pweza, mzigo wake ukiwa kwenye barafu, akamfuata fundi.

"Skrubu ngapi ziko hapo?"

"Kumi na mbili."

"Na iliyolegea?"

"Moja."

"Sasa hizo kumi na moja zimekuja kutembea? Ifunge kwa waya twende."

Fundi akatikisa kichwa. Shomari akamgeukia Bi. Mwanakheri. "Mama wa harusi, hebu sema naye wewe. Wewe hawezi kukukatalia."

Kweli, hakuna aliyekuwa na haraka kumzidi. Akauinua mkeka begani aende kwa fundi, ncha za miyaa zikamchoma shingoni. Akautazama. Pale alipochomeka pamefunguka, na ile shubiri imekuwa dhiraa.

Kisha akautandaza mkeka chini, akatoa sindano yake.

"Mwanangu Lukindo, usifunge kwa waya."

"Na harusi je?" Shomari akauliza.

"Watamwozesha. Mimi nataka nifike, hata kama ni kula ukoko. Mkeka hufumukia pindoni, Shomari. Kaa hapa unishikie ncha hii."

Shomari akakaa, akashika. Bi. Mwanakheri hakuinua kichwa mpaka skrubu ilipofika.

Walitua Dar es Salaam jua limeinama. Ndoa ilishafungwa juu ya busati la kuazima, na sufuria la pilau lilibaki na ukoko. Bi. Mwanakheri akaukwangua, akaula wote, ndipo akamtandikia binti yake mkeka.

Pweza wa Shomari waliharibika. Lakini tangu siku ile, kila alipomwona mtu akilipua kazi, alimwambia maneno ya Bi. Mwanakheri, yakazagaa mpaka yakamfikia fundi wenu wa paa.

Na Siwema? Siwema leo ana wajukuu walioshindwa kitendawili cha skrubu. Inukeni kidogo. Geuzeni huo mkeka mliokalia, mtafute mahali palipoachia.

Hampaoni. Mkeka hufumukia pindoni.