Mchi wa Bi Mize na Sheria za Silaha

Hapo zamani, katika mji wa Shakamwe, palikuwa na Sultani aitwaye Zahrani, na mji wake ulikuwa na sheria nyingi za silaha, kila moja imeandikwa pale ilipomjia mtawala wa siku hizo. Sheria ya bunduki ilichongwa kwenye mlango wa forodha. Sheria ya mishale iliandikwa kwenye ngozi ya ngoma kuu. Sheria ya jambia ilikuwa kwenye nguzo ya kisima, na sheria ya upanga aliiandika babu yake Sultani kwenye kitambaa cha kilemba, kirefu mno, maana mzee yule hakujua kufupisha maneno. Ikawa mtu akikamatwa na silaha, askari huanza kuuzunguka mji wakitafuta sheria yake, na huenda wakaipata mshitakiwa amekwisha ota mvi.

Mjini humo alikaa Kheri Mapande, fukara wa mafukara, mwenye kanzu moja na ulimi usiolala. Huyu aliazima mchi wa mama mkwe wake, Bi Mize, akaufanya gogo la kuzuilia mlango, kwa kuwa mlango wake haukuwa na komeo. Alipoombwa aurudishe akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Bi Mize akachoka, akaja kuuchukua mwenyewe. Alipokuwa akipita sokoni na mchi begani, uso umemkunjamana kwa hasira, askari mmoja akasema lile ni rungu, akamkamata. Mwenzake akasema huo ni mchi tu wa kutwangia. Wakabishana mpaka watu wakajaa, kisha wakamtia Bi Mize gerezani hata sheria itakapopatikana.

Basi Mwanatumu, mkewe Kheri, akampa mumewe habari kwa ufupi: hapana chakula wala kitanda mpaka mama atoke. Kheri alimwogopa Sultani sana, lakini njaa aliiogopa zaidi, akaenda barazani kumwombea mkwewe.

Akamkuta Sultani amevimba kwa ghadhabu, kwa kuwa makadhi wake wote walikuwa wameshindwa kuzipanga sheria hizo. Kila aliyejaribu alichomeka vijineno vyake, na sheria ikatoka sura nyingine. Sultani alipomwona Kheri, akaona amepata wa kumtolea hasira.

"Ewe Kheri," akasema, "wewe mwenye akili nyingi, zipange sheria zangu za silaha, hata kila ashikaye silaha aione sheria yake papo hapo. Neno lisiongezwe, wala neno lisipunguzwe. Na sheria ikishakaa na silaha yake, visitengane. Atakayevitenganisha atakatwa kichwa. Ukiweza, nitamhukumu mkweo kwa haki. Ukishindwa, kichwa chako ni halali yangu."

Kheri akainama, akasema, "Nimesikia, Seyyidi yangu. Naomba nipewe kamba."

Sultani, aliyezoea kuombwa wino na karatasi, akamtazama sana, kisha akaamuru apewe kamba zote za ghalani.

Siku ya kuonyesha kazi ilipofika, baraza likajaa. Kwanza wakasikia kishindo nje. Ni askari wa bunduki wanahangaika kuingia, na hawaingii, kwa maana bunduki zao zilikuwa zimefungwa kwenye mlango wa forodha, nao wameubeba mlango mzima. Nyuma yao wakaja wapiga mishale wakiburura ngoma kuu, mishale yote imefungiwa humo, na kila wakipiga hatua ngoma inalia. Wenye majambia hawakuja kabisa. Majambia yao yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo ya kisima, na atakaye kumchoma mwenziwe ilimbidi kwanza ambembeleze wafuatane kisimani.

Kadhi mkuu akazipitia sheria zote, akarudi kichwa chini. "Seyyidi yangu," akasema, "halikuongezwa neno wala halikupunguzwa."

Sultani akaona amechezewa mbele ya watu. Akamwita mkata vichwa wake, ambaye jina lake lilikuwa Baraka, akamwambia amkate Kheri hapo hapo. Baraka akaushika upanga, akavuta, akavuta tena. Upanga ulikuwa umeviringishwa kile kilemba cha babu, kuanzia mpini hata ncha ya ala, kama mtoto mchanga siku ya baridi.

"Ifungue hiyo nguo," akasema Sultani.

Baraka akapeleka mkono, kisha akaurudisha taratibu. "Seyyidi yangu, nikiifungua nitakuwa nimetenganisha sheria na silaha, na umesema atakayetenganisha akatwe kichwa. Na mkata vichwa ni mimi."

Sultani akautazama upanga, akamtazama Baraka, akautazama na ule mlango uliokwama mlangoni, na kicheko kikamshinda. Akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Alipopata pumzi akauliza, je, na hukumu ya mchi?

"Kila silaha yenye sheria nimeifunga pamoja na sheria yake," akajibu Kheri. "Mchi haukupata hata uzi."

Kadhi akathibitisha kuwa katika mji wote hapakuwa na neno juu ya mchi. Basi Bi Mize akafunguliwa, akarudishiwa mchi wake. Kheri akaenda kumlaki kwa furaha, mikono imefunguka. Bi Mize akamtazama, akakumbuka kesho zote alizoambiwa, akauinua mchi.

Kheri akakimbilia nyuma ya kiti cha Sultani, akalia, "Seyyidi yangu, tangaza sheria ya mchi, sasa hivi."

"Neno lisiongezwe," akasema Sultani, akifuta machozi ya kicheko.

Hata hivyo alimpa zawadi: mlango mpya wa mninga wenye komeo imara. Ulipokwisha kutiwa, Kheri akaingia ndani akalifunga komeo, na Bi Mize akaketi kizingitini, mchi mapajani. Mimi nilipoondoka pale nilimwacha bado anangoja, na kila akigonga, Kheri humjibu kwamba atafungua kesho.