Nusu ya Joho

Nyuma ya soko palikuwa na kinyozi ambaye watu walimbandika jina la Bwana Sitaki. Hakuwa na mkono wa birika, la hasha. Kila Jumatatu alifunga duka, akaenda kuwanyoa bure wazee waliotunzwa na masista wa parokia. Juu ya kioo chake alitundika picha ya Mtakatifu Martino, yule askari aliyekata joho lake kwa upanga, akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Lakini yeye mwenyewe, ukimpa hata kikombe cha chai, jibu lilikuwa moja: "Sitaki, asante." Kutoa alikujua, kupokea alikuona kama kuvuliwa nguo hadharani.

Siku moja alipanda kuziba bati lililovuja. Ngazi ikateleza, naye akaanguka kama gunia. Mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta hadi juu ya kiwiko.

Msusi aliyepakana naye ukuta alikuja kumjulia hali.

"Pole, kaka. Wateja wangu huja mchana. Asubuhi naweza kukushikia mashine, duka lisilale. Na Jumatatu nitakwenda kwa wazee."

"Sitaki, dada. Asante."

"Kunyoa najua. Nilimnyoa marehemu baba muda wote alipougua."

"Nimeshasema asante."

Msusi akaambulia patupu. Duka likabaki limefungwa, wateja wakahamia kwingine. Kule kwa masista wazee walisubiri barazani, ndevu zimewasimama kama miiba ya nungunungu. Sista mkuu alipotuma mtu kuuliza, kinyozi alijibu, "Wavumilie. Nitapona."

Mfupa, hata hivyo, haukuwa na haraka. Jumapili moja kabla ya misa, uso wake ukiwa umegeuka kichaka, alijikaza kisabuni, akasimama mbele ya kioo cha dukani, akashika wembe kwa mkono wa kushoto. Wembe ukaenda ulikotaka wenyewe, ukamchana kidevu. Mkewe alimkuta damu imelowesha kola ya shati la kanisani.

"Baba Watoto, bonyeza hapa," alisema, akamfuta kimya kimya. Kisha akaitazama ile picha. "Huyu maskini angesema 'sitaki, asante,' Martino angefanya nini na nusu ya joho?"

Kinyozi alizidi kubonyeza kidevu.

"Angebaki nayo mkononi kama mwuza mitumba," mkewe akaendelea, "na maskini angekufa kwa baridi pamoja na kiburi chake. Unadhani wema ni wako peke yako? Yule dada naye ana joho lake."

Maneno yale yalimchoma kuliko wembe. Walipotoka kanisani alisimama mlangoni kwa msusi kama kuku aliyenyeshewa.

"Dada, yale uliyoniambia... bado yapo?"

Msusi hakumsuta. Alivuta kiti, akakikung'uta. "Kaa kwanza nikuondolee hicho kichaka. Wazee watakukimbia."

Kinyozi akakaa, akafumba macho. Tangu awe mtu mzima hakuwahi kumwachia mwingine kidevu chake. Povu lilikuwa la uvuguvugu, na mkono wa msusi haukutetemeka.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa masista. Msusi alinyoa, kinyozi akashika beseni kwa mkono wake mzima na kumwelekeza nani ana chunusi, nani hapendi maji baridi. Zamu ilipomfikia mzee mmoja kipofu, mtani wake wa siku nyingi, mzee alijipapasa shavu.

"Mwanangu, leo mkono wako mwepesi. Zamani ulikuwa unanipara kama samaki."

Wazee wakacheka. Kinyozi aliona uso unamwaka. Angeweza kunyamaza, sifa zikabaki zake.

"Mkono si wangu, mzee," akasema. "Ni wa jirani yangu. Hata mimi ameninyoa yeye."

"Basi umeanza kupona," mzee akajibu, akageuza shavu la pili.

Ama kweli, kinyozi hajinyoi.